Njia ya Kurejea ya Umeme

Pikapu iliyohudumu miaka mingi katika miji ya mwambao, kama Tanga na Mombasa, ambako upepo wa bahari huingiza chumvi katika kila upenyo wa chuma, aghlabu hudhihirisha uzee wake katika taa za nyuma: dereva akanyagapo breki, taa hufifia badala ya kung'aa, na awashapo indiketa, taa ndogo za upande ule hupepesa pamoja nayo. Mwenye gari hukimbilia kununua balbu mpya, nayo hurithi maradhi ya ile ya kwanza.

Sababu yake ni kwamba umeme hauishii katika taa, bali hupita ndani yake na kurejea ulikotoka. Katika gari la volti 12, waya huuleta kutoka upande chanya wa betri kwa kupitia fyuzi na swichi; amma njia ya kurejea upande hasi ni chuma chenyewe cha bodi na chasisi, ambacho taa hushikamana nacho kwa waya mfupi na skrubu, yaani ethi. Kutu ikiingia mahali pale, njia ya kurejea hubana.

Georg Simon Ohm, mwalimu wa Ujerumani, alibainisha mwaka 1827 kwamba mkondo wa umeme hupungua kadiri ukinzani uzidivyo. Balbu ya breki ya wati 21 ina ukinzani wa omu 7 hivi iwakapo. Basi omu 1 tu ya kutu huipokonya karibu volti moja na nusu, na kwa kuwa mwanga hushuka upesi kuliko volti, takriban theluthi ya nuru hupotea. Kutu ikizidi, umeme wa breki hurejea kwa kupitia uzi wa taa ndogo, ukaiwasha pasipo kuamriwa.

Kwa hiyo fundi mwenye busara, kabla hajakata waya wowote, huweka ncha moja ya mita kwenye chuma cha soketi na ya pili kwenye hasi ya betri, huku mwenzake amekanyaga breki. Mita ikisoma karibu na sifuri, ethi ni salama. Ikipita nusu volti, na afungue skrubu, asugue kwa msasa hadi chuma king'ae, kisha aifunge na kuipaka grisi.

Fyuzi ikiungua mara kwa mara, maradhi ni mengine: waya uliochubuka chini ya bodi unagusa chasisi. Hapo ni haramu kutia fyuzi kubwa zaidi, kwani mkondo ukizidi mara 2, joto la waya huzidi mara 4, na moto huweza kuzuka. Waya na utafutwe, ufungwe upya na kuwekwa mbali na ncha kali, maana ajaye nyuma yetu usiku hupima mwendo wake kwa taa zetu, na uhai wake ni amana iliyo mikononi mwetu.