Je, Wajua? Tone la Arnika na Maziwa Matatu

Kichupa kilifika Bariadi kwa basi kutoka Dar es Salaam, kimeviringishwa ndani ya soksi ya mtoto kisije kikapasuka njiani. Kilitumwa na binamu yangu kwa baba yake, ambaye ni mjomba wangu, mkulima wa pamba wa Itilima, aliyekuwa amepangiwa upasuaji wa ngiri wiki ileile. Ndani mlikuwa na vidonge vyeupe, kila kimoja kadiri ya punje ya mtama, na kwenye karatasi ya nje pameandikwa ARNICA MONTANA 30C. Maagizo yalikuja kwa simu: vitano chini ya ulimi, mara tatu kwa siku, usivishike kwa vidole, usinywe kahawa, uanze siku mbili kabla ya kisu. Jeraha halitavimba, damu haitavilia, mzee atarudi shambani upesi.

Mjomba alivimimina kwenye kifuniko, akavitupia mdomoni, akatulia kidogo.

"Sukari hii," alisema.

Alikuwa amepatia kuliko alivyodhani.

Arnika yenyewe ni ua, tena ua la kweli. Huota kwenye malisho ya milima ya Ulaya, rangi yake manjano, na katika ukoo wa mimea ni ndugu wa alizeti hizi zinazolimwa mkoani Simiyu. Watu wa milima hiyo wamelipaka kwa miaka mingi penye kuteguka na kuvimba. Lina kemikali kali iitwayo helenalini. Ukilinywa ua hilo lenyewe kwa wingi litakutapisha na kuuvuruga moyo. Kwa hiyo mtu anayetajiwa arnika siku mbili kabla ya upasuaji ana haki ya kushtuka. Lakini asishtuke kabla hajasoma tarakimu inayofuata jina.

C ni mia kwa hesabu ya Kirumi. Chukua sehemu moja ya maji ya ua, changanya na sehemu 99 za pombe au maji, tikisa kwa kupigapiga chupa: umepata 1C. Sasa chukua sehemu moja ya hiyo 1C, tia tena katika sehemu 99, tikisa: 2C. Endelea hivyo mpaka mara 30. Kimiminika cha mwisho hunyunyiziwa juu ya punje za sukari, kikakauka, punje zikatiwa kichupani.

Tuifanye hesabu hiyo kwa maji tunayoyajua. Wilaya ya Busega inagusa Ziwa Victoria. Shuka ufukweni Lamadi, dondosha tone moja tu la arnika, kisha ulikoroge ziwa lote, kutoka hapo hadi Kisumu, hadi Entebbe, kila ghuba na kila kisiwa, mpaka tone lienee sawasawa. Ziwa lina maji yapatayo kilomita za ujazo 2,700. Baada ya kazi hiyo yote utakuwa hujafika hata 10C, ingawa umekaribia. Ukitaka 20C, chota tone moja la ziwa hilo ukalitie katika Ziwa Victoria la pili. Ukitaka 30C, tafuta ziwa la tatu, lenye ukubwa uleule, ukatie humo tone kutoka la pili. Kutoka hilo la tatu ndipo mjomba wangu aliponyweshwa.

(Maziwa ya aina nyingine, hata hivyo, yalikuwamo. Punje hizo aghalabu hutengenezwa kwa sukari ya miwa na sukari ya maziwa ya ng'ombe. Kwa Msukuma mfugaji hilo si haba.)

Wanakemia wanajua ni wapi arnika ilipopotelea njiani. Gramu 18 za maji, yaani kijiko cha chakula na ziada kidogo, zina molekuli zipatazo 6 ikifuatwa na sifuri 23. Ni nyingi mno, lakini zina mwisho. Kwa kipimo hicho, ukishapita 12C hivi, huna tena matumaini ya kubakiwa na hata molekuli moja ya ulichoanza nacho. Hatua 18 zinazofuata ni kutikisa maji ndani ya maji. Angalizo moja tu: si kila kichupa chenye neno homiopathi, jina la tiba hii ya kuzimua, ni kitupu. Vilivyozimuliwa mara mbili tatu tu huweza kuwa na kitu, na pengine kitu kibaya. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kwamba katika vidonge vya homiopathi vya watoto wanaoota meno kulikutwa beladona, mmea wa sumu, kwa viwango visivyolingana, vingine vikizidi vilivyoandikwa.

Aliyebuni mambo haya hakuwa tapeli. Samuel Hahnemann, daktari Mjerumani aliyezaliwa 1755, alikuwa mwaka 1790 akitafsiri kitabu cha daktari Mskoti, William Cullen, akafika mahali panapoelezwa jinsi gome la mkwinini linavyotibu homa. Maelezo hayakumridhisha. Akala gome lenyewe, naye ni mzima, aone litamfanya nini. Vidole vilipoa, moyo ukaenda mbio, mwili ukalegea, akajiona kama mtu wa homa za vipindi. Akahitimisha kwamba kinachomletea mzima dalili za ugonjwa ndicho kinachomponya mgonjwa mwenye dalili hizo.

Mtu yeyote wa kwetu aliyewahi kutundikiwa dripu ya kwinini, masikio yakavuma siku tatu, angemweleza Hahnemann kilichompata. Yale yalikuwa maudhi ya dawa. Kwinini hutibu malaria kwa sababu inamuua kimelea ndani ya damu, na kimelea huyo alikuja kuonekana kwa hadubini mwaka 1880, Hahnemann akiwa kaburini miaka 37. Lakini tumtendee haki. Madaktari wa zama zake walikuwa wakitoa watu damu kwa ndoo na kuwanywesha zebaki. Mgonjwa wa Hahnemann alipewa punje tamu na kuachwa apumzike, na mara nyingi huyo ndiye aliyenusurika. Kutofanya kitu kulishinda kufanya madhara.

Kuhusu kutikisa, yeye aliamini nguvu ya dawa huamshwa kwa kuipiga chupa juu ya kitu kigumu chenye kunyumbuka, mathalani kitabu chenye jalada la ngozi. Hapo Msukuma anaweza kutabasamu, maana anaifahamu nguvu ya namna hiyo. Kwa Kisukuma dawa ni bugota, na mganga, nfumu, aghalabu huichanganya kwa sehemu mbili. Upo mti: mzizi, gome au jani, wenye uchungu wake, unaobadilisha rangi ya maji. Halafu ipo shingila, kiungo cha ishara, ambacho kazi yake ni kuiambia dawa ikafanye nini. Wacheza ngoma wa Bagika na Bagalu, wanaposhindana baada ya mavuno na kila upande ukitaka kuvuta umati, hutegemea dawa zenye shingila, na sijasikia anayezipima kwa miligramu. Kidonge cha 30C ni shingila tupu. Mti umeshaondolewa.

Basi, imejaribiwa? Imejaribiwa, na hapa ndipo shaka inapopata miguu. Nchini Uingereza wagonjwa 64 waliopasuliwa kifundo cha mkono kwa ajili ya mshipa wa fahamu uliobanwa waligawanywa makundi matatu: wa arnika 30C, wa arnika 6C, na wa vidonge bandia vinavyofanana kabisa. Walianza kumeza wiki moja kabla ya upasuaji wakaendelea wiki mbili baada yake, bila mgonjwa wala daktari kujua nani anameza nini. Matokeo yalichapishwa 2003: maumivu na kuvilia kwa damu havikutofautiana. Mwaka 1997 yalikuwa yametoka matokeo ya wanawake 73 waliotolewa kizazi, arnika ikilinganishwa na vidonge bandia, na hayo nayo hayakuonyesha faida.

Lipo jaribio jingine ninalolipenda zaidi, kwa sababu linahusu jambo ambalo kila aliyelazwa wodi ya upasuaji analijua. Daktari anapita asubuhi, anainama, anauliza kwa sauti ya chini: "Mama, umeshatoa hewa?" Mgonjwa anaona haya. Ndugu wanacheka. Lakini swali ni zito, maana matumbo yaliyoshikwashikwa hulala, na kujamba ndiyo habari ya kwanza kwamba yameamka na uji unaweza kuletwa. Wahomiopathi walidai afyuni na figili zilizozimuliwa huyaamsha mapema, na majaribio madogo kadhaa yalionekana kuwaunga mkono. Wafaransa wakaamua kulimaliza kwa jaribio kubwa la wagonjwa 600, likachapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 1988. Vidonge havikuharakisha kitu.

Mbona basi watu huapa kwamba viliwasaidia? Kwa sababu uvimbe wa jeraha safi hupungua wenyewe. Damu iliyovilia chini ya ngozi huvunjwavunjwa na mwili: rangi nyekundu ya damu inakuwa kijani, kisha manjano, kisha inasafishwa, kazi ya wiki mbili hivi. Kwenye ngozi yetu nyeusi rangi hizo hazionekani vizuri. Utaona weusi uliokolea na kuhisi ugumu ukiminya, nao unalainika siku hadi siku. Mwenye kumeza punje wakati huo atazipa sifa. Mwenye kusali atamshukuru Mungu, na huyo wa pili walau hakulipia kichupa.

Sasa nirudi kwa mjomba, kwa kuwa kichupa cha sukari hakikuwa peke yake. Mama mkubwa, dada yake, naye alikuwa na dawa yake: chupa ya maji ya nusu lita iliyojaa maji ya mizizi, rangi ya chai ya rangi iliyochacha, "ya kusafisha damu". Siku ya upasuaji muuguzi alikuwa ameagiza mgonjwa asile wala kunywa kitu tangu saa sita usiku. Saa 11 alfajiri mama mkubwa akamnywesha robo ya chupa. Dawa si chakula, alisema baadaye, na kwa mantiki ya nyumbani alikuwa na hoja.

Mtaalamu wa usingizi, kijana mdogo, alimwamkia mzee kwanza kisha akauliza, "Leo umetia nini mdomoni?"

"Sijala kitu, mwanangu."

"Na dawa? Za mizizi?"

Kimya. Halafu: "Nilionja tu."

Upasuaji ukaahirishwa. Familia ilinuna, lakini kijana yule alikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni tumbo: mtu akilazwa kwa nusukaputi, koo hupoteza ulinzi wake, na kilichomo tumboni chaweza kupanda na kuingia mapafuni. Hata anayechomwa sindano ya mgongoni huandaliwa kana kwamba huenda akahitaji nusukaputi. Ya pili ni kwamba hakuna aliyejua chupa ile ina nini. Mizizi ina molekuli za kweli, nyingi. Hata vitu vya jikoni kama kitunguu saumu na tangawizi, vikitumiwa kwa wingi kama dawa, vinaweza kupunguza kasi ya damu kuganda, na sindano ya mgongoni haitaki damu inayochuruzika mahali pembamba kama pale. Chama cha madaktari wa usingizi wa Marekani kimekuwa kikishauri dawa za mitishamba ziachwe wiki mbili kabla. Wakunga nao wanazijua dawa za kuongeza uchungu: zikimkuta mama mwenye kovu la upasuaji wa awali, mji wa mimba unaweza kupasuka.

Kuhusu vidonge mjomba hakusema neno. Nilipomuuliza alijibu, "Zile ni pipi." Sikuona cha kumbishia.

Sheria yetu ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, ya mwaka 2002, inaziweka dawa hizi mbili chini ya Baraza moja, na midomoni mwa watu nazo huitwa kwa jina moja, dawa zisizo za hospitali. Kwangu mimi hazifanani kabisa. Mzizi wa mama mkubwa nauogopa, na kwa sababu hiyohiyo nauheshimu: kwinini ilitoka kwenye gome, na artemisinini iliyomo kwenye dawa ya mseto ya malaria ilitoka kwenye mmea wa Kichina. Mzizi unaweza kuua, unaweza kuponya, unastahili maabara. Kidonge cha 30C hakina cha kupeleka maabara. Ubaya wake huanza pale kinapokaa kwenye kiti cha dawa nyingine: mgonjwa anapoacha antibiotiki aliyoandikiwa, au jeraha linapoota usaha na joto kupanda siku ya tano naye bado anaongeza punje chini ya ulimi. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilionya homiopathi isitumiwe kutibu malaria, kifua kikuu, VVU wala kuharisha kwa watoto wachanga, baada ya vijana watafiti wa Uingereza na Afrika kupaza sauti.

Mjomba alipasuliwa wiki iliyofuata, kwa sindano ya mgongoni. Kichupa hakikumngoja. Wajukuu walikikuta dirishani wakakimaliza chote kwa mchana mmoja, na jioni wakala ugali kama kawaida.

Nawe msomaji, ukipangiwa upasuaji, beba kila chupa uliyopewa na ndugu ukaiweke mezani kwa mtu wa usingizi, ukianza na ile ya mizizi. Tena mpelekee siku ya kliniki. Asubuhi ya upasuaji utakuwa umechelewa.