Sir Rowland Biffen na Ngano Isiyoshikwa na Kutu

Wazee wa kila nchi wamejua tangu kale kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka, na kwamba pengine mjukuu hufanana na babu yake kuliko anavyofanana na baba. Wakulima nao wamejua kwamba mbegu njema huzaa mazao mema. Lakini kwa muda mrefu hapakuwa na mtu aliyejua urithi huo hufuata kanuni gani. Mmoja wa watu wa kwanza walioitoa kanuni hiyo vitabuni na kuipeleka shambani, hata mkulima akapata faida, alikuwa Mwingereza aliyeitwa Rowland Harry Biffen.

Bwana Biffen alizaliwa mwaka wa 1874 katika mji wa Cheltenham, akasoma elimu ya mimea katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Alipomaliza masomo alisafiri Amerika ya Kusini na visiwa vya West Indies kuchungua kazi ya mpira utokanao na utomvu wa miti. Aliporudi, mwaka wa 1899, alianza kufundisha katika idara ya kilimo huko Cambridge.

Siku zile wakulima wa ngano wa Uingereza walikuwa katika dhiki. Meli zilileta ngano ya bei rahisi kutoka Marekani na Kanada, na mashamba mengi yaliyokuwa yakilimwa yakaachwa yawe malisho. Wenye vinu vya kusaga walilalamika kwamba unga wa ngano ya Kiingereza hauna nguvu, yaani mkate wake hauumuki vema. Kwa hiyo waliilipia ngano ya kigeni bei kubwa zaidi. Watu wengi waliamini kwamba udhaifu huo hauna dawa, kwa kuwa watoka katika mvua na udongo wa nchi. Tena palikuwa na ugonjwa wa kutu ya manjano, unaofunika majani ya ngano kwa unga wa rangi ya manjano na kuzifanya punje zisinyae.

Katika mwaka wa 1900 wataalamu waligundua tena kazi ya Gregor Mendel, mtawa wa mji wa Brno, aliyeandika mwaka wa 1866 juu ya urithi wa njegere za bustanini. Huko Cambridge Bwana William Bateson aliitangaza habari hiyo kwa bidii, naye ndiye aliyeipa elimu ya urithi jina la jenetiki. Biffen akajiuliza: ikiwa urefu wa mmea na rangi ya punje hurithiwa kwa kanuni, je, nguvu ya kuushinda ugonjwa hairithiwi vivyo hivyo?

Kazi ya kuchanganya ngano ni ya mikono mitulivu. Ua la ngano hujizalisha lenyewe. Basi sharti mtu alifungue kabla halijakomaa, atoe sehemu za kiume kwa koleo ndogo, kisha alipake chavua, yaani vumbi la uzazi, kutoka katika ngano nyingine. Kisha hulifunika suke ili chavua ngeni isiingie. Kwa njia hiyo Biffen alioza ngano iliyoshambuliwa sana na kutu kwa ngano iliyoweza kuistahimili.

Kizazi cha kwanza kilitoka chote kimeshikwa na kutu. Mtu mwepesi wa kukata tamaa angeitupa mbegu ile motoni. Biffen aliipanda tena, na katika kizazi cha pili, mmea mmoja hivi katika kila minne ulikuwa safi, ukisimama mzima kati ya ndugu zake wagonjwa. Zaidi ya hayo, mbegu za mimea ile safi zilizaa mimea safi tu. Nguvu ile haikuwa imepotea. Ilijificha kwa mzazi ikatokea kwa mjukuu. Mwaka wa 1905 alichapisha habari za kazi yake, na tangu hapo wazalishaji wa mbegu wamejua kwamba uwezo wa kuushinda ugonjwa waweza kutolewa katika mbegu ya mavuno haba na kutiwa katika mbegu ya mavuno mengi.

Tunda la kwanza kwa wakulima lilikuwa ngano iitwayo Little Joss, iliyotolewa mwaka wa 1910. Mzazi mmoja alikuwa Squarehead's Master, ngano ya Kiingereza yenye mavuno mazuri. Wa pili alikuwa Ghirka ya Urusi, yenye mavuno machache lakini haiogopi kutu. Kisha aliioza Browick ya Kiingereza kwa Red Fife ya Kanada, akapata Yeoman, iliyotolewa mwaka wa 1916. Yeoman ilizaa sana na unga wake ulikuwa na nguvu, hata wale waliosema kwamba udongo wa Uingereza hauwezi kutoa ngano ya mkate wakanyamaza. Nayo ilikuja wakati wa vita, nyambizi za Wajerumani zilipokuwa zikizamisha meli za nafaka.

Biffen alifanywa profesa mwaka wa 1908, na mwaka wa 1912 akawa mkuu wa kwanza wa Chuo cha Uzalishaji wa Mimea huko Cambridge. Mwaka wa 1925 Mfalme alimpa cheo cha Sir. Alifariki mwaka wa 1949.

Hata hivyo vita na kutu havikwisha, kwa kuwa kutu nayo ni kiumbe hai, nayo hubadilika. Nchini Kenya ngano za kwanza za Lord Delamere huko Njoro ziliharibiwa na kutu, na mwaka wa 1927 kituo cha kuzalisha mbegu kilianzishwa hapo hapo Njoro. Mwaka wa 1998 aina mpya ya kutu nyeusi ya shina ilionekana Uganda, ikashinda ngano nyingi zilizodhaniwa kuwa salama. Tangu hapo wataalamu wameleta Njoro maelfu ya aina za ngano kutoka nchi nyingi, wazipande penye ugonjwa na kuchagua zilizosimama. Njia wanayoifuata ni ile ile: kuoza, kupanda, kungoja kizazi cha pili, na kuutafuta ule mmea mmoja ulio safi.