Bima ya Ulemavu ya California: Michango Iliyozidi Ilirudishwaje?

Bima ya ulemavu ya jimbo la California, nchini Marekani, imekuwa ikichangiwa na wafanyakazi wenyewe tangu 1946. Mwajiri hukata mchango kwenye mshahara na kuupeleka serikalini. Jina la bima hiyo linaweza kumpotosha msomaji wa Kiswahili, kwani kwa sehemu kubwa humlipa mtu aliyeshindwa kwenda kazini kwa muda kwa sababu ya maradhi, ujauzito au jeraha alilolipata nje ya kazi. Jeraha la kazini lina fidia yake nyingine.

Hadi mwisho wa 2023 mchango huo ulikuwa na kikomo. Mwaka huo mfanyakazi alikatwa asilimia 0.9, lakini mshahara uliohesabiwa haukuvuka dola 153,164. Hata aliyelipwa mara mbili ya hapo hakupaswa kuchangia zaidi ya dola 1,378.48 kwa mwaka mzima.

Kasoro ilimkuta mwenye waajiri wawili, kwa kuwa kila mwajiri alianza kuhesabu kutoka sifuri. Tuseme muuguzi alilipwa dola 100,000 na hospitali moja na dola 90,000 na nyingine. Ya kwanza ilimkata dola 900, ya pili 810. Hakuna hospitali iliyokosea, maana kila moja ilikuwa bado mbali na kikomo. Hata hivyo muuguzi huyo alichangia dola 1,710, yaani dola 331.52 zaidi ya alizopaswa.

Ziada ya namna hiyo ilidaiwa kwenye ritani ya kodi ya mapato ya jimbo, Fomu 540. Makato huonekana kwenye hati ya W-2 inayotolewa na kila mwajiri, kisanduku cha 14, mara nyingi kwa herufi CASDI. Mfanyakazi alijumlisha makato yote, alitoa kiwango cha juu cha mwaka huo, na kilichobaki kilihesabiwa kama kodi aliyokwisha kulipa: kilipunguza deni lake au kilirudishwa mkononi. Wanandoa waliojaza ritani moja walipiga hesabu hii kila mtu na yake. Makato ya mume hayakuchanganywa na ya mke. Asiyelazimika kuwasilisha ritani aliidai Idara ya Maendeleo ya Ajira kwa fomu DE 1964, ndani ya miaka 3 baada ya mwaka husika.

Mwajiri mmoja akikata kupita kiasi, ritani haisaidii. Yeye ndiye anayepaswa kumrudishia mfanyakazi wake.

Sheria ya SB 951, iliyosainiwa 2022, iliondoa kikomo kuanzia Januari 1, 2024. Sasa mshahara wote hukatwa, na kuwa na waajiri wawili hakuzalishi tena ziada.

Udhaifu mkubwa wa utaratibu wa zamani ulikuwa kumtwisha mfanyakazi mzigo wote. Idara hupokea kila robo mwaka taarifa za mishahara kutoka kwa kila mwajiri, zikiwa na namba ileile ya hifadhi ya jamii ya mfanyakazi. Ingeweza kuiona ziada bila kuombwa, na haki ilitaka iirudishe. Aliyekuwa na waajiri wawili mwaka 2023 na mishahara iliyovuka kikomo azitoe W-2 zake ahesabu upya: ritani iliyokwisha kuwasilishwa hurekebishwa, kwa kawaida ndani ya miaka 4.