Bastola za Anga: Usizisugue!

Umewahi kuona bastola ya bati inayotoa cheche bila risasi? Ni ya kuchezea tu! Mwaka wa 1934, kampuni ya Daisy ya Marekani iliuza bastola ya Buck Rogers, shujaa wa hadithi za anga. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Wajapani walitengeneza nyingi za bati. Ukifyatua, gurudumu dogo husugua jiwe la kiberiti, cheche zinaruka.

Mimi nilipata moja kwa muuza skrepu hapa Migori. Nikaisugua kwa mchanga na majivu ing'ae kama sufuria. Lo! Rangi ilitoka pamoja na jina la mtengenezaji. Sasa nitajuaje umri wake?

Wenzangu wa Homa Bay, unyevu wa ziwa huleta kutu. Ifuteni kwa kitambaa kikavu, basi. Ya kale ni dhahabu.