Subira na Kungoja: Uchunguzi wa Neno Moja katika Kiswahili cha Pwani ya Kusini ya Kenya

1. Utangulizi

Miongoni mwa maneno ambayo Kiswahili kiliyapokea pamoja na dini ya Kiislamu, ni machache yaliyoingia katika maisha ya kila siku kama neno subira. Katika pwani ya kusini ya Kenya, kuanzia Diani penye msikiti wa kale wa Kongo, kupitia Gazi na Msambweni hadi Shimoni na Vanga, neno hili husikika matangani na barazani, bandarini na ofisini. Watoto wa kike hupewa kuwa jina. Umbo lake la pili, saburi, aghalabu hukutwa katika tungo na mawaidha. Lakini neno lililo kinywani mwa kila mtu huwa katika hatari ya kupungua maana. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa subira, kama inavyofahamika katika Uislamu, si kungoja; kwamba lugha yenyewe inaijua tofauti hiyo; na kwamba kuisahau kunawadhuru wasemaji.

2. Asili ya neno

Subira imetokana na mzizi wa Kiarabu wenye konsonanti s-b-r, ambao maana yake ya asili ni kuzuia au kujifunga. Mwenye subira, basi, ni mtu aliyeishika nafsi yake isimponyoke. Juu ya msingi huo maulamaa waliigawa subira katika mafungu matatu: kudumu katika utiifu, kujizuia na maasi, na kuustahimili msiba. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliitengea subira, pamoja na shukrani, kitabu kizima ndani ya Ihya yake. Na Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, aliiandikia kitabu cha peke yake. Yafaa ikumbukwe kwamba katika mafungu hayo matatu, mawili ya kwanza yanahusu mambo anayoyatenda au kuyaacha mtu kwa hiari yake. Ni fungu la tatu tu linalohusu jambo lililomshukia.

Kiswahili cha mazungumzo kimelikuza zaidi fungu hilo la tatu, kisha kitenzi kikasogea mbali zaidi. Asemaye “subiri kidogo” hamtaki mwenziwe aishike nafsi yake. Amtaka akae mpaka aitwe. Kiarabu kina kitenzi kingine cha kungojea, kisicho na uhusiano na mzizi huu. Katika Kiswahili, kitenzi kilichokuwa cha nafsi kimekuwa pia kitenzi cha muda.

Lipo neno jingine lililoachana na nduguye. Shubiri, ile dawa chungu itokanayo na mmea, imetoka katika jina la Kiarabu lenye konsonanti zizo hizo tatu. Mwarabu asikiapo neno moja hulikumbuka la pili. Mswahili hawezi, kwa kuwa sauti za mwanzo zimeachana, ingawa bado husema kuwa jambo ni chungu kama shubiri.

3. Ushahidi wa methali

Hata hivyo tofauti ya subira na kungoja haikupotea. Methali moja yasema “Subira yavuta heri”. Nyingine yasema “Ngoja ngoja huumiza matumbo”. Zikichukuliwa juu juu, methali hizi zaonekana kupingana, na baadhi ya walimu huzitaja kama mfano wa methali zinazokanushana. Lakini ukweli ni kwamba hazizungumzii jambo moja. Ya kwanza yasifu subira, nayo huvuta, yaani hufanya kazi. Ya pili yalaumu kungoja, na rudufu ya kitenzi yaonyesha muda unaopita bila tendo. Waliozitunga waliyachagua maneno yao kwa makini.

4. Ushahidi wa Qur'ani na Hadithi

Mifano ya dini yaelekea huko huko. Katika Sura Yusuf, Nabii Yaakub aletewapo kanzu yenye damu anajikabidhi kwa subira njema (12:18). Lakini Yaakub huyo huyo baadaye anamshitakia Mola huzuni yake na kuwaamuru wanawe waende wakamtafute Yusuf na nduguye (12:86-87). Ayubu naye alimlilia Mola wake (21:83), na juu ya hayo akasifiwa kwa subira (38:44). Kulia na kutafuta hakukuivunja subira yao.

Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim yatoa hoja iliyo nzito zaidi kwa mwanaisimu. Mtume alimpitia mwanamke akilia kaburini, akamwasa awe na subira. Yule mwanamke, kwa kutomtambua, akamjibu kwa ukali. Alipoambiwa ni nani akaja kuomba radhi, naye akafahamishwa kuwa subira ni ile ya pigo la kwanza. Kwa kipimo hicho, urefu wa muda si sehemu ya maana ya subira. Ingekuwa subira ni kungoja, siku ya arubaini ingalikuwa na subira kubwa kuliko siku ya mazishi.

5. Matumizi katika Kwale

Matangani, waombolezaji humwomba Mungu awape wafiwa subira, na hapo maana ya asili ingali hai: waombewa nguvu ya kujishika. Baharini vilevile. Upepo wa kusi unapochafua bahari, mvuvi wa Msambweni au Gazi hutengeneza nyavu, husuka madema na kukalafati chombo chake. Pepo zikigeuka, huwa tayari. Asiyefanya hayo naye hukaa pwani siku zizo hizo, lakini huyo amengoja tu.

Katika suala la ardhi mkanganyo wa maana huwa na gharama. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliyafanya mashamba ya pwani yasiyothibitishiwa madai kuwa mali ya serikali ya kikoloni, na Wadigo wengi wakabaki kuwa maskwota katika ardhi ya wazee wao. Kwa vizazi vingi mtu wa namna hiyo ameambiwa “subiri”. Neno hilo humfikia likiwa na heshima ya dini, ilhali anachoagizwa ni kungoja. Anayelalamika huonekana amepungukiwa na imani. Kumbe Sura Al-Asr (103) yataja kuusiana haki kabla ya kuusiana subira, na yayaweka mawili hayo pamoja. Kwa maana hiyo, mwenye kupeleka dai lake mbele ya Tume ya Taifa ya Ardhi, ambayo Katiba ya 2010 iliipa kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria za ardhi, hakuiacha subira. Ameishika nafsi yake isifanye fujo wala isikate tamaa, na haki yake anaidai.

6. Hitimisho

Tafsiri ya Qur'ani ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, iliyochapishwa kamili mwaka 1969, ilitumia neno subira, wala hapana neno lililo bora zaidi. Linalohitajika ni kamusi kuzipambanua maana mbili za kitenzi subiri, na mwalimu kueleza anapofasiri ni ipi inayokusudiwa. Msomaji wa Kwale asomaye kuwa Mungu yu pamoja na wenye kusubiri ana haki ya kujua kwamba hakuahidiwa hayo wenye kungoja.