Kitambaa cha Shingoni kwa Mbwa na Paka: Kazi ya Mkono Inayolinda Watoto Wetu

Kina mama wengi katika makanisa yetu wanajua kushona kroshia. Kazi yao tunaiona juu ya makochi, juu ya meza na hata juu ya madhabahu siku za sikukuu. Lakini ukitaja kumshonea mbwa kitambaa, watu hucheka. Wengine husema, "Mbwa avae kitambaa, na mtoto wangu hana sweta?" Swali hilo ni la haki. Wapenzi wasomaji, hebu tulijibu polepole, maanake jambo lenyewe linahusu mtoto huyo huyo asiye na sweta.

Ugonjwa tunaoupigania

Kichaa cha mbwa si ugonjwa mpya kwetu. Hapa Kenya uligunduliwa mara ya kwanza mwaka wa 1912, kwa mbwa mmoja karibu na Nairobi. Mwaka wa 1928 ukathibitishwa kwa binadamu, mama mmoja wa sehemu za Ziwa Victoria. Zaidi ya miaka mia imepita na bado tunazika watu. Duniani kote inakadiriwa kwamba watu kama 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, wengi wao Afrika na Asia. Karibu wote huupata kwa kuumwa na mbwa, na katika kila watu kumi wanaoumwa na mbwa wanaoshukiwa, kama wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto ndiye anayecheza na mbwa, na ndiye anayeogopa kusema ameumwa.

Dalili zikishaanza kwa mtu, hakuna dawa ya kumponya. Lakini ugonjwa huu unazuilika kabisa. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, na chanjo ikirudiwa kila mwaka, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Serikali yetu ilitoa mpango mwaka wa 2014 wa kumaliza vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Na tangu 2013 kazi ya mifugo iko chini ya kaunti, kwa hivyo afisa wa mifugo wa wadi yako ndiye wa kuulizwa kwanza.

Kitambaa kinaingia wapi?

Shida moja ya chanjo ni kwamba haionekani. Mbwa akishadungwa sindano anarudi nyumbani akifanana na yule ambaye hajadungwa. Mwenye mbwa ana cheti, lakini cheti kiko ndani ya sanduku, na mbwa yuko njiani. Basi tutajuaje kama tumefika wale 70 kwa 100?

Jirani zetu wa Tanzania, katika vijiji vya karibu na Serengeti, wametumia njia rahisi. Mbwa akichanjwa anavishwa ukanda wa rangi shingoni. Chanjo ikiisha, watu wanapita vijijini wakihesabu mbwa wenye ukanda na wasio nao. Ukihesabu mbwa 50 njiani na 35 wana ukanda, mmefika 70 kwa 100. Wakiwa 20 tu, mjue kuna mtaa umeachwa, na daktari aombwe kurudi. Hesabu hiyo ifanywe jioni ile ile au kesho yake, kabla mikanda haijaanza kupotea.

Hapo ndipo kikundi cha kina mama kinapopata kazi. Mikanda si lazima itoke kiwandani. Mwenye uzi na sindano ya kroshia anaweza kuitengeneza.

Ukanda wa siku ya chanjo

Huu ni wa haraka. Tumia uzi wa pamba wa unene wa kadiri, na sindano ya milimita 4. Uzi wa pamba unafulika na hauleti joto sana shingoni. Shona mnyororo wa vitundu 70, ambao utatoa kama sentimita 45. Rudi juu yake kwa mshono mfupi, mmoja katika kila kitundu. Geuza, rudi tena kwa mshono mfupi mara moja. Funga uzi na ufiche ncha vizuri. Kazi imekwisha.

Chagueni rangi moja kwa mwaka mmoja, na mkubaliane na afisa wa mifugo. Mwaka huu ikiwa nyekundu, mwaka ujao iwe ya manjano. La sivyo, ukanda wa zamani utawadanganya watu kwamba mbwa bado ana kinga.

Kitambaa cha pembe tatu

Hiki ndicho cha kuuza. Huanza kwenye ncha ya chini na kupanuka kwenda juu.

Safu ya kwanza: Shona mnyororo wa vitundu 4. Katika kitundu cha kwanza kabisa shona mishono mirefu 2. Vile vitundu 3 vilivyobaki huhesabiwa kama mshono mmoja, kwa hivyo sasa una mishono 3.

Safu ya pili: Shona vitundu 3 vya kupandia, geuza kazi. Shona mshono mrefu 1 pale pale chini ya vile vitundu, 1 katika mshono wa katikati, na 2 katika mshono wa mwisho. Una mishono 5.

Endelea hivyo hivyo. Mwanzoni na mwishoni mwa kila safu unaongeza mmoja, kwa hivyo kila safu inazidi ya nyuma yake kwa mishono 2. Safu ya kumi itakuwa na mishono 21. Ukipata 20 au 22, rudi nyuma uhesabu, maanake pembe itapinda. Kwa mbwa wetu wa kawaida safu 10 zinatosha. Kwa paka ishia safu ya 6 au ya 7.

Mwisho tengeneza kamba. Shona mnyororo wa vitundu 30 upande mmoja, pita juu ya kitambaa kwa mshono mfupi, halafu shona vitundu 30 upande wa pili. Geuza urudi kwa mshono mfupi kutoka mwanzo mpaka mwisho ili kamba iwe imara.

Usalama wa mnyama

Hapa hatutaki mzaha. Kitambaa kibaya kinaweza kumnyonga mnyama.

Kwanza, pima shingo kwa uzi kabla ya kufunga. Kitambaa kikishafungwa, vidole viwili vipite chini yake bila kusukuma. Kikiingia kichwani, kimelegea mno. Vidole visipopita, kimebana.

Pili, mbwa mdogo anakua haraka. Mkague kila wiki. Ukanda uliomtosha mwezi wa kwanza unaweza kukata ngozi mwezi wa tatu. Kwa kitoto cha mbwa, afadhali ukanda utolewe hesabu ikishakwisha.

Tatu, paka hupanda miti na kupenya kwenye ua. Kamba ikinaswa na tawi, paka ananing'inia. Kwa hivyo usimfunge paka fundo gumu. Kata kamba mahali pamoja, kisha uiunganishe kwa uzi mwembamba wa cherehani, mishono miwili tu. Paka akivutwa, uzi ule unakatika naye anaponea. Jaribu kwa mkono wako kwanza. Ikiwa wewe unavuta kwa nguvu na haukatiki, paka ataushinda vipi?

Nne, usiweke shanga, vifungo vidogo wala nyuzi zinazoning'inia. Mnyama akizimeza zinaweza kuziba matumbo. Kitambaa kikilowa kitolewe kikaushwe, maanake unyevu huleta vidonda. Na chini ya kitambaa ndipo kupe hupenda kujificha, kwa hivyo kifunue uangalie.

Hesabu ya pesa

Vikundi vingi vya kazi za mikono havianguki kwa kukosa ufundi. Huanguka kwa kuuza bila kuhesabu. Wacha tufanye mfano, nanyi mtaweka bei za soko lenu.

Tuseme bonge la uzi ni Sh. 150 na linatoa vitambaa 3 vya pembe tatu. Uzi wa kitambaa kimoja ni Sh. 50. Tuseme mama anatumia saa mbili, na mmekubaliana saa moja ni Sh. 50. Hiyo ni Sh. 100. Nauli ya kwenda mjini na kurudi ni Sh. 200 mkibeba vitambaa 20, yaani Sh. 10 kwa kila kimoja. Jumla ni Sh. 160. Mkiuza kwa Sh. 120 kwa sababu mnunuzi amelia bei, mama amefanya kazi na kupoteza Sh. 40 za jasho lake. Mkiuza kwa Sh. 210, kila mmoja amelipwa na mmebaki na Sh. 50.

Sasa, ikiwa bonge lile lile linatoa mikanda 6 ya chanjo, uzi wa ukanda mmoja ni Sh. 25. Kumbe kitambaa kimoja kikiuzwa mjini kinalipa uzi wa mikanda miwili ya kijijini. Mtaa wenye mbwa 60 unahitaji mikanda 60, yaani uzi wa Sh. 1,500. Faida ya vitambaa 30 inatosha. Kina mama kumi, kila mmoja atashona vitambaa vitatu vya kuuza na mikanda sita. Kazi hiyo inawezekana katika mwezi mmoja wa mikutano ya kila wiki.

Wanunuzi ni akina nani? Ni watu wa mijini wanaofuga mbwa na paka ndani ya nyumba. Ulizeni kwenye maduka ya dawa na chakula cha mifugo, na kwa madaktari wa mifugo wenye kliniki. Anzeni na vichache. Msikope pesa za chama kununua mabonge mia kabla hamjaona kimoja kikinunuliwa. Na msiahidiane utajiri: hii ni kazi ya kuongezea nyingine.

Mambo matatu ya kushika

La kwanza, ukanda wa chanjo ufungwe pale pale mezani kwa daktari, sindano ikishadungwa. Usigawe kanisani, wala usimpe mtu aende nao nyumbani. Ukanda kwa mbwa asiyechanjwa ni uongo, na uongo huu unaweza kuua.

La pili, ukanda haumfanyi mbwa kuwa mpole. Waambieni watoto wasimshike mbwa wa watu ati kwa sababu ana rangi shingoni. Na cheti kitunzwe, maanake ndicho ushahidi.

La tatu, mtu akiumwa au kukwaruzwa na mbwa au paka, awe na ukanda au asiwe nao, oshweni kidonda mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili. Msipake pilipili, majivu wala mafuta. Halafu aende hospitali siku hiyo hiyo, amalize sindano zote atakazopangiwa. Msingoje kuona kama mbwa atakufa.

Kila mwaka tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na kaunti nyingi hupenda kutoa chanjo karibu na siku hiyo. Kikundi kikimwona afisa wa mifugo mwezi wa Julai, kikaanza kushona Agosti, mikanda itakuwa tayari. Mungu alipotukabidhi wanyama, alitukabidhi pamoja na kazi ya kuwatunza. Sindano za kroshia tayari tunazo. Tupeleke jambo hili kwenye jumuiya ndogo ndogo wiki hii, tuhesabu mbwa wa mtaa wetu, na tujue tunahitaji mikanda mingapi.