Kelele Niliyoisikia Mimi, Akaikataa Yeye

Umeshawahi kununiana na mwenzio kwa sababu ya gari? Mimi nimeshawahi.

Tulikuwa tunakwenda Newala kumsalimia mama mkwe. Kuanzia Masasi, kila tairi la mbele kushoto lilipoingia shimoni nilisikia "ko! ko!" Nikamwambia mume wangu. "Ni barabara tu hiyo," akajibu. Nikarudia. Akaongeza redio. Mlima wa Newala tukaupanda kila mtu kanuna. Hata tulipofika Shimo la Mungu, pale bonde la Ruvuma linapofunguka chini yako, kila mmoja alitazama upande wake.

Kesho yake, chini ya mkorosho wa mama, nikamwomba jambo moja, kama fundi wetu alivyowahi kunionyesha: apige jeki, alishike gurudumu juu na chini, alitikise. Likacheza. Akalitikisa tena, kisha akasema taratibu, "Samahani, mke wangu."

Boljointi ya chini ilikuwa imekwisha. Hiyo ndiyo inayounganisha gurudumu na mkono wa chini wa gari. Ikichomoka, gurudumu linalala na usukani haukusikii tena. Na sisi tulibakiwa na kuteremka mlima ule ule, mtoto akiwa kiti cha nyuma!

Spea ilikuja na basi kutoka Masasi. Fundi jirani akatuazima stendi, kazi tukafanya wenyewe. Zingatia haya:

* Legeza nati za tairi gari likiwa bado chini.
* Weka stendi. Usiingie chini kwa kuitegemea jeki peke yake.
* Chomoa kotapini, fungua nati. Boljointi ikigoma, usiigonge yenyewe. Gonga ubavu wa chuma inachokalia mpaka iachie.
* Ukifunga mpya, weka na kotapini mpya. Ya zamani usiirudishe.
* Kagua na upande wa pili, kisha ukapime alaimenti.

Yeye alishika nyundo, mimi tochi na spana. Saa tatu nzima, jamani, lakini tulicheka kuliko mwezi mzima uliopita. Fundi akaja kukaza nati kwa mara ya mwisho, akaridhika.

Tulipoanza kuteremka, redio aliizima mwenyewe. Alikuwa anasikiliza.

Kwa hiyo mwenzio akikwambia anasikia kelele, iwe ya gari au ya ndoa, usikimbilie kubisha. Piga jeki kwanza.